UZI: Mvua ikipiga bati, watoto wangu wawili huingia chini ya dawati. Walimu na wazazi, tuzungumze

Mwalimu wa Zamu (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie.

Nafundisha shule ya msingi wilayani Hanang, mkoani Manyara. Wengi wenu mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na magogo yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuingia mji wa Katesh na vijiji jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Januari shule zilipofunguliwa, watoto walirudi na madaftari ya msaada, wakapanga mstari, wakaimba, wakahesabiwa. Sisi walimu tulijua nani amefiwa na nani amehamia kwa mjomba. Tukawapa pole, kisha tukaanza kufundisha, maana azimio la kazi halikusogezwa mbele hata wiki moja.

Machi ikaja na mvua. Aliyewahi kufundisha chini ya bati lisilo na dari anajua kwamba mvua kubwa ikianza hakuna somo tena, sauti yako haifiki hata dawati la pili. Siku hiyo nilikuwa darasa la tatu, watoto 87. Mvua ilipopiga, mvulana wa dawati la nyuma akaingia chini, akaziba masikio, akawa anaguna kwa sauti moja isiyokatika. Muda kidogo na mwingine, upande wa dirishani, naye akaingia chini. Darasa likacheka. Nikadhani wanaigizana. Nikawatoa kwa mkono, nikawachapa viganjani, viwili viwili, mbele ya wenzao.

Wa kwanza alijikojolea palepale. Wa pili alinipiga kichwa cha tumbo, akakimbilia nje kwenye mvua. Tulimtafuta mpaka saa nane mchana, tukamkuta amejikunyata nyuma ya stoo ya kuni.

Ilinichukua miezi kuelewa nilichokiona. Wa kwanza, yule aliyejikojolea, alikuwa nyumbani siku ile ya matope. Alitolewa kwa kupitishwa dirishani, na mdogo wake hakutolewa. Kwake mvua juu ya bati ni siku ile inarudi. Wa pili kwao ni mbali na mlima, hawakupoteza mtu wala mbuzi. Mama yake alikuja kuniambia kwamba tangu ana miaka miwili hawezi kuvumilia mashine ya kusaga, vigelegele vya harusi, wala kengele yetu ambayo ni rimu la gari linalogongwa kwa chuma. Baadaye alimpeleka hospitali ya rufaa, akaambiwa ni usonji, yaani autism.

Watoto wawili walifanya kitu kilekile dakika ileile, kwa sababu zisizofanana kabisa. Mimi nikawapa dawa moja, na ikawaumiza wote wawili.

Ninachotaka kusema hapa ni hiki. Tunaletewa semina mbili tofauti. Moja inahusu msaada wa kisaikolojia kwa waliopatwa na majanga, nyingine inahusu elimu jumuishi, yaani watoto wenye mahitaji maalumu kusoma pamoja na wenzao. Wawezeshaji ni tofauti, makabrasha ni tofauti, na mara nyingi tunaondoka tukiwa na orodha za dalili. Mwalimu anarudi darasani akijaribu kukisia: huyu ana kiwewe, huyu ana usonji, huyu ana ule mwili usiotulia, huyu mkaidi tu. Kazi hiyo si yetu na hatuiwezi. Mwalimu anaweza kupunguza hofu darasani kabla hajajua jina la tatizo la mtoto yeyote. Mafunzo yanayopaswa kutufikia ni ya kutuwezesha kufanya hivyo. Nitaeleza zaidi mkiwa tayari kuchangia.

Chaki Nyeupe

Mwalimu, nakuheshimu kwa kuusema ukweli wako hadharani. Ila niulize bila kuzunguka. Mimi niko Geita, nina watoto 112 chumba kimoja, dawati la watu watatu wanakaa watano na wengine wako sakafuni. Ukiniondolea fimbo unanipa nini mkononi? Nikainama kumbembeleza mmoja chini ya dawati, hao 111 watakuwa wanafanya nini? Na tuseme kweli, wapo wanaodeka. Mtoto akishajua mvua ni kisingizio, kesho watajificha kumi. Sisi tulichapwa na tumefika hapa tulipo.

Mwalimu wa Zamu

Chaki Nyeupe, nashukuru. Swali lako ndilo nililokuwa nalo mimi, kwa hiyo nalijibu kwa uzito wake.

Nianze na fimbo. Kanuni tunazozitumia, Tangazo la Serikali Na. 294 la mwaka 2002, zinasema viboko visizidi 4, viwe kwa kosa kubwa, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike labda awe hayupo, na adhabu iandikwe kitabuni. Viboko vyangu vya siku ile havikuwa na idhini wala kitabu, na kujificha chini ya dawati si kosa kubwa kwa kipimo chochote. Nilivunja kanuni, na najua siko peke yangu. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 na kutolewa 2011 ulihoji vijana zaidi ya 3,700 wa miaka 13 hadi 24. Kiasi cha nusu yao, wa kike kwa wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa mwili na mwalimu kabla ya kufika miaka 18. Utafiti huohuo ulikuta karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, wamefanyiwa ukatili wa kingono utotoni. Sasa chukua darasa lako la 112 uhesabu. Hujui ni nani, lakini wamo humo, wameketi mbele yako.

Kuhusu ubongo nitaeleza kama nilivyoeleweshwa. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo, umbo lake kama lozi, wataalamu wanaiita amigdala. Kazi yake ni kupiga king'ora cha hatari. King'ora kikilia, moyo unaenda mbio, homoni ya mfadhaiko iitwayo kotisoli inamwagika mwilini, na mtu hujikuta anapigana, anakimbia au anaganda. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kufikiri, kupanga na kujizuia, wakati huo inakuwa kama imewekwa pembeni. Kwa mtoto aliyepitia jambo zito, king'ora hulia hata kwa kitu kinachofanana tu na lile jambo: harufu ya udongo mbichi, mlango kubamizwa, sauti ya mwanaume anayefoka. Kwa mtoto mwenye usonji, mara nyingi sauti au mwanga ambao sisi hatuusikii tena kwa mazoea unamfikia wote bila kuchujwa, na mwili wake unaishia palepale kwenye hofu.

Mtoto akiwa katika hali hiyo hasikii maelekezo. Yule anayeganda ndiye tunayemwita jeuri: "Nakuuliza unanyamaza, una kiburi wewe!" Ukimchapa, umeuthibitishia mwili wake kwamba hatari ipo kweli, na kwamba imeshika chaki.

Wanaodeka wapo, nakubali. Lakini jiulize unapoteza nini ukimkosea mtoto kwa kumpa dakika kumi za utulivu alizokuwa hazihitaji. Kisha pima na unachopoteza ukikosea kama nilivyokosea mimi.

Na unachopewa mkononi? Nilichofanya kwa darasa la watu 87 ni hiki, na hakikugharimu fedha.

Niliandika ratiba ya siku kwenye kona ya ubao kwa maneno machache na vichoro, na kila kipindi kikiisha mtoto mmoja anafuta mstari. Kengele kabla haijagongwa, kiranja wa darasa anasema "bado dakika tano". Vitu viwili hivyo tu, fujo za kubadilisha kipindi zilipungua hata kwa watoto ambao sikuwa nawafikiria, kwa sababu kutojua kinachofuata kunamchosha kila mtoto.

Kisha tukaweka utaratibu wa mvua. Mvua kubwa ikianza hakuna anayepiga kelele kushindana nayo. Madirisha yanafungwa na walewale wanne kila siku, mimi naandika kazi ubaoni kimya, mtoto anaruhusiwa kukaa na rafiki yake, anayetaka kuchora anachora. Hao 111 wako unaouliza watafanya nini, watafanya hilo. Na kumbuka, kabla ya hapo mvua ikinyesha hatukuwa tunafundisha chochote.

La mwisho ni kizibo cha soda. Kila mtoto ana kizibo chake kwenye mkebe. Akikiweka juu ya dawati maana yake "nimezidiwa, naomba nitoke kidogo". Haulizwi mbele ya watu. Anakaa kwenye mkeka chini ya mwembe, au mvua ikiwepo ofisini ambako kuna dari, anarudi mwenyewe. Wiki ya kwanza walitoka wengi kujaribu, kama ulivyosema. Wiki ya tatu walibaki watano au sita, na hao sita ndio niliokuwa nahitaji kuwajua.

Mama Wawili

Mwalimu, nimesoma nikalia. Mimi si mwalimu, ni mama, naishi Mbagala. Binti yangu ana miaka 11, ana usonji, na nimehama naye shule tatu.

Naomba walimu mjue kwamba wasichana wanaponyoka bila kugunduliwa. Binti yangu darasani alikuwa mtulivu kupita kiasi. Alikuwa anamwangalia mwenzake anacheka naye anacheka, mwenzake anafungua daftari naye anafungua. Walimu waliniambia ni mtoto mzuri, ana aibu tu. Akifika nyumbani anavua sketi mlangoni, anajigonga kichwa ukutani mpaka jioni. Mimi nikaambiwa nimemdekeza. Upande wa mume wangu wakasema ni mapepo, tukazunguka naye kwa watu wa dua na watu wa dawa mpaka akiba ikaisha. Kumbe alikuwa anatumia nguvu zake zote kufanana na wenzake kutwa nzima, na nyumbani ndipo mahali pekee alipoweza kuachia.

Kuna lingine. Kwenye karatasi za dalili wanaandika "hamtazami mtu machoni". Jamani, kwetu mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa ndiye mwenye adabu! Nani atamshangaa?

Shule ya tatu tulipata mwalimu ambaye hakuwa na kozi yoyote ya elimu maalumu. Alifanya jambo moja. Kila siku wakati wa kutoka alikuwa anamwambia pembeni, "Kesho itakuwa hivi na hivi. Hisabati haitakuwepo, kuna mgeni atakuja, atavaa koti jeupe." Basi. Binti yangu aliacha kujigonga kichwa Jumapili usiku.

Swali langu: huyo mwalimu alihamishwa mwaka jana. Nifanyeje ili anayemfuata asianze upya?

Mwalimu wa Zamu

Dada yangu, pole sana, na asante kwa hilo la macho. Nimelinakili, nitalipeleka kwenye kikao chetu.

Kuhusu swali lako, omba mkutane watatu: wewe, mwalimu wa darasa na mwalimu wa ushauri na unasihi. Peleka karatasi moja tu. Upande mmoja uandike vitu vinavyomzidi, upande wa pili vinavyomtuliza, pamoja na hilo la kuambiwa kesho yake itakuwaje. Iandike kwa maneno yako, kama ulivyotuandikia hapa, kisha omba ibaki kwenye jalada lake shuleni. Ripoti ya daktari ni muhimu kwa mambo mengine, kwa mfano muda wa nyongeza ambao Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Lakini mwalimu wa darasa atakayemsaidia binti yako Jumatatu asubuhi atasaidiwa zaidi na karatasi yako.

Sekondari Kata

Niongeze la upande wetu. Mimi nafundisha kidato cha kwanza, Morogoro. Kila mwaka napokea watoto wawili watatu ambao msingi walifaulu vizuri tu, wakifika kwetu wanaanguka kama gunia. Tunasema Kiingereza kimewashinda, au wamepata makundi mabaya.

Nilikuja kuelewa kitu kuhusu disleksia, ule ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na uvivu wala akili ndogo. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Ukishajua silabi, unasoma. Kwa hiyo mtoto mwenye disleksia kwa Kiswahili hakosei sana, anasoma polepole tu, na darasani kwenye watoto mia nani anapima kasi? Wengine wanakariri ukurasa mzima kwa kusikiliza. Akifika kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, ambacho kinaandikwa hivi na kutamkwa vile. Mbinu zake zote zinavunjika kwa mwezi mmoja. Hapo ndipo anaanza utoro, au anakuwa mchekeshaji wa darasa ili asiitwe kusoma.

Nimeacha kumsimamisha mtu kusoma kwa sauti bila kumwambia jana yake ni aya ipi. Utoro wa mmoja wao umekwisha. Mmoja tu, lakini namhesabu.

Mwalimu wa Machakos

Hamjambo wenzangu wa Tanzania. Nawasoma nikiwa Kenya. Kwetu viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, na Katiba ya 2010 ikaandika wazi kwamba mtu ana haki ya kutopewa adhabu ya viboko. Na bado ukipita kwa shule nyingi utaona mti nyuma ya mlango wa staff. Nasema hivi ili msidhani kufuta kanuni kutamaliza kazi. Mwalimu alinyang'anywa kiboko, na wengi wetu hatukupewa kingine mahali pake, tukahamia kwa maneno: "wewe ni mzigo, wewe ni kichwa maji". Hayo nayo yanaumiza.

Jambo moja jema tulilo nalo ni vituo vya kupima watoto, vilivyoanza 1984, na taasisi ya KISE pale Kasarani iliyofunguliwa 1986 kufundisha walimu wa elimu maalumu. Lakini mzazi wa mashambani husafiri mbali, na mwalimu wa kawaida hubaki akingoja ripoti. Nakubaliana na mwenye uzi, kungoja ripoti ndiko kunakotupotezea mtoto.

Chaki Nyeupe

Nimesoma yote. Nitajaribu hilo la ratiba na la mvua, kizibo nitaona. Ila sasa tuzungumzie hayo mafunzo yenyewe, maana ndiyo hoja ya uzi. Nimehudhuria semina nyingi. Unakaa ukumbini siku mbili, mtaalamu anasoma slaidi, unapewa cheti, posho na soda, unarudi shuleni unakuta watoto ni walewale na mkuu wa shule ni yuleyule. Wewe ulibadilishwa na semina ipi?

Mwalimu wa Zamu

Nilibadilishwa na chumba cha darasa la sita, siku za Ijumaa, saa nane hadi saa tisa na nusu, walimu kumi na wanne. Tuliomba vipindi vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) vya shuleni tuvitumie kwa jambo hili kwa muhula mzima. Mwezeshaji alikuwa mwalimu mwenzetu wa kata, aliyesomea elimu maalumu Chuo cha Patandi kule Arusha. Hakuja na slaidi.

Ijumaa ya kwanza alituuliza swali moja: "Ukiwa darasa la tatu au la nne, ulichapwa kwa kosa gani ambalo hukulifanya?" Akatupa karatasi tuandike, asiyetaka kusoma asisome. Nilidhani tutacheka, kwa kuwa stori za viboko huwa tunacheka nazo. Kuna mzee wetu pale, amebakiza miaka michache kustaafu, ndiye tuliyekuwa tunampelekea watoto walioshindikana. Alisoma ya kwake. Alichapwa kwa kuchelewa siku ambayo alikuwa ametoka kumzika mama yake juzi yake, na alishindwa kumwambia mwalimu kwa sababu akifungua mdomo angelia. Alipomaliza akakunja karatasi, akasema, "Nimewachapa wangapi wa namna hiyo mimi?" Hakuna aliyemjibu. Tulikaa kimya mpaka mwezeshaji akasema twende tukapate chai.

Hilo ndilo lililonibadilisha, Chaki Nyeupe. Tunaposema "tulichapwa na tukafika hapa" tunamtetea mtoto tuliyekuwa, tusije tukakiri kwamba aliumia. Mafunzo yasiyogusa hapo yatakupa maneno mapya ya kutumia mbele ya mthibiti ubora, na fimbo itabaki kabatini.

Usisahau pia kwamba huku kwetu Hanang walimu nao walifiwa. Tulikuwa tunasimama mbele ya watoto waliopoteza ndugu, sisi wenyewe hatujalala vizuri tangu Desemba. Mwalimu ambaye king'ora chake mwenyewe kinalia hawezi kumtuliza mtoto. Watoto hutulia kwa kusoma uso na sauti ya mtu mzima aliye karibu.

Ijumaa zilizofuata kila mmoja alichagua mtoto mmoja tu wa darasa lake na kuandika mistari minne kila siku: saa ngapi, nini kilitangulia, alifanya nini, nini kilifuata. Marufuku kuandika "mkorofi", "mvivu" au "ana usonji". Andika ulichokiona. Wiki ya tatu mwalimu wa darasa la tano aligundua kwamba mtoto wake "mkorofi" hulipuka siku za Jumanne na Alhamisi tu, kipindi cha mwisho. Siku hizo huwa hapati uji kwa sababu anatumwa kufunga zizi la mbuzi wa jirani saa nne. Ni njaa! Angetafutiwa ugonjwa wa ubongo bure.

Hayo ni yetu madogo, lakini yako makubwa yanayofanana nayo. Kuna mafunzo ya stadi za kuhusiana na watoto yaliyoandaliwa na watafiti akiwemo Mabula Nkuba wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, siku 5 na nusu, na sehemu kubwa ni mazoezi na mwalimu kutafakari maisha yake mwenyewe. Walipoyajaribu kwenye sekondari 8 hapa Tanzania, matokeo yakichapishwa 2018, walimu kwa wanafunzi wa shule zilizopata mafunzo walisema ukatili umepungua. Uganda, wilayani Luwero, shirika la Raising Voices lilifanya kazi na shule nzima kwa miezi 18: walimu, wanafunzi, uongozi, mpaka ukuta wa shule. Shule za msingi zilizofuatiliwa zilikuwa 42. Mwishoni, wanafunzi waliosema wamefanyiwa ukatili wa mwili na mfanyakazi wa shule ndani ya wiki iliyopita walikuwa 31 kwa 100 kwenye shule zilizoshiriki, na 49 kwa 100 kwenye zile ambazo zilikuwa bado. Yaani 31 bado ni wengi. Lakini niambie ni semina gani ya siku mbili iliyowahi kufikisha hapo.

Ustawi Kigoma

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, naomba niwatahadharishe jambo. Mwalimu umetaja Luwero. Katika utafiti uleule, watoto 434 ilibidi wapelekwe kwenye huduma za ulinzi wa mtoto kwa sababu ya mambo waliyoyasema walipohojiwa. Ukilifanya darasa kuwa mahali pa usalama, watoto watasema. Je, mko tayari kusikia?

Nimefanya kazi na walimu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, watoto wa Kikongo na wa Kirundi, nimeona makosa ya watu wenye nia njema. La kwanza ni kumlazimisha mtoto asimulie. Asimame mbele ya darasa au mbele ya wageni wenye kamera aeleze yaliyomkuta. Usifanye hivyo hata siku moja. Akitaka kuchora achore, akitaka kucheza rede acheze. La pili ni kumwahidi siri. Mtoto anakuambia "usimwambie mtu", unaitikia, kumbe anafanyiwa ukatili na huwezi kukaa nalo. Mwambie tangu mwanzo: "Nitawaambia wale tu wanaoweza kukulinda, na nitakuambia ni nani." La tatu ni mwalimu kugeuka mpelelezi, kumhoji mtoto mara tano, kumwita mtuhumiwa ofisini wapatane.

Sikiliza, andika maneno yake kama alivyoyasema, umshukuru kwa kukuamini, kisha peleka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Kuna ofisi zetu za ustawi, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na simu ya mtoto 116 ni bure. Namba hiyo ibandikwe pale watoto wanapoiona bila kuonekana wanaiangalia. Ukuta wa nyuma wa choo ni mahali pazuri kuliko ubao wa matangazo mbele ya ofisi.

Mwalimu wa Zamu

Hilo la ukuta wa choo limetekelezwa jana, afisa. Asante sana.

Chaki Nyeupe

Nimerudi baada ya wiki tatu. Ratiba ya ubaoni imefanya kazi kuliko nilivyotegemea. Vizibo vimenishinda, vilipotea vyote siku ya pili, sasa wanainua vidole viwili. Nimeanza kuandika mistari minne kwa mtoto mmoja, binti anayelala darasani. Bado sijui kwa nini analala. Sijamchapa.

Mwalimu, wale wawili wako je?

Mwalimu wa Zamu

Vidole viwili vinatosha kabisa, mkuu. Endelea na huyo binti, na mtafute bibi au dada yake umuulize usiku wake ukoje nyumbani, kwa upole.

Wangu wako darasa la nne sasa. Niliwaomba radhi wote wawili, kila mmoja peke yake, mzazi akiwepo. Yule wa matope bado hapendi mvua. Sasa ni mmoja wa wale wanne wa kufunga madirisha, aliomba mwenyewe. Wingu likitanda tu anasimama, anaanzia la upande wa mlimani. Akishamaliza anakaa na rafiki yake, wanachora magari. Kuna siku mikono inamtetemeka na hachori. Tulimpata mnasihi wa kumwona mara moja kwa mwezi, si mara nyingi kama inavyotakiwa.

Wa pili, mvua ya wiki iliyopita, aliweka kizibo juu ya dawati kabla hata sijasikia matone. Akaenda ofisini, akakaa chini ya meza ya mwalimu wa taaluma, ambaye sasa huvuta kiti chake pembeni bila kusema kitu. Mvua ilikatika saa tano na robo. Alirudi mwenyewe, akakaa, akamuuliza mwenzake tumefika ukurasa wa ngapi.